Mlango wa Mwanasiti

Nyinyi mnaokwenda na basi la shule asubuhi, mkapiga honi mara moja na mtoto akatoka na mkate mkononi, mmeniomba niandike jinsi kazi hii ilivyokuwa tulipoifanya kwa miguu. Nimestaafu sasa, nafasi ninayo. Mtanivumilia kwa mwandiko, maana nilisoma mpaka darasa la nne tu, na kalamu kwangu haijawahi kuwa na haraka. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika miaka ile ya mwanzo, kabla ya uhuru, shule yetu ya wasichana ilipokuwa madarasa machache ya makuti hapa Kisauni.

Shule ilianzishwa na wafanyabiashara Waislamu wa Mombasa waliokuwa na nyumba na mashamba upande huu wa bara. Walitaka binti zao wasome dini na hesabu mahali pamoja bila kupelekwa misheni. Lakini hawakutaka binti zao waonekane njiani peke yao. Hapo ndipo kazi yetu ilipopatikana. Tuliitwa wapokezi. Tulipita nyumba hadi nyumba tukiwakusanya watoto, tukawapeleka shule kwa mstari, na baada ya adhuhuri tukawarudisha kila mmoja kwao.

Kulikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote na haukuvunjwa na yeyote. Mtoto hachukuliwi njiani. Mpokezi anabisha hodi, mama anamleta binti yake mpaka kizingitini, anamshika mkono na kusema, "Amana yangu hiyo." Mpokezi anaupokea ule mkono na kujibu, "Nimeipokea." Kabla ya maneno hayo mtoto ni wa mamake, akianguka kisimani ni shauri la nyumba. Baada ya maneno hayo ni wako, hata akiumwa na siafu ni shauri lako.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bi Rukia, mjane mrefu, mkavu, aliyetembea kama anayechelewa mazishi. Yeye alikuwa mpokezi tangu shule ilipofunguliwa, na magoti yalipoanza kumsumbua akaomba apewe msichana wa kumsaidia. Nilikuwa jirani yake Mtopanga, nikiishi na mama yangu aliyeuza mahamri na mbaazi asubuhi. Nilikuwa mwenye haya kupita kiasi. Wageni wakija nyumbani nilikuwa najificha nyuma ya pazia mpaka waondoke, na wengine walikuwa wakikaa sana.

Siku yangu ya kwanza Bi Rukia alinisimamisha mbele ya nyumba kubwa yenye mlango wa nakshi, akasema, "Haya, bisha." Nikabisha. Hakuna aliyetoka. Nikabisha tena. Kuku mmoja alinitazama.

"Wamwambia nani?" Bi Rukia akauliza. "Mchwa wa mlango?"

"Nimesema hodi, Bi Rukia."

"Umeifikiria. Hujaisema."

Kwa siku nyingi baada ya hapo, tukimaliza kuwarudisha watoto, alinipeleka katikati ya minazi, akasimama mbali, akanitaka nipige hodi mpaka aisikie. Wakwezi waliokuwa juu ya miti waliitika "karibu" na kucheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini sauti ilitoka, na haijarudi ndani tangu wakati huo, kama mnavyojua.

Mengine aliyonifundisha ni haya. Hodi ni tatu. Ukikosa jibu ondoka, usichungulie dirishani. Usikae barazani hata ukikaribishwa, maana ukikaa utapewa kahawa, ukipewa kahawa utapewa habari, na watoto watachelewa. Tembea nyuma ya mstari, siyo mbele. Aliye mbele huona njia tu. Beba mwavuli, leso ya akiba na kitambaa cha kufungia kidole. Masika yakianza, watoto wote wavue viatu wavishike mkononi, kwa sababu udongo wa Mishomoroni ulikuwa ukila kiatu kikabaki humo. Niliyapenda masika kwa jambo hilo. Wiki zile wote walifika shuleni miguu mitupu na myekundu hadi magotini, na hungeweza kusema yupi baba yake ana duka na yupi hana.

Siku nyingine uliweza kusema mara moja. Kamati ya shule ilipopokea watoto wapya haikuwapa mtihani. Mwenyekiti, Bwana Omari, aliyekuwa muuza vitambaa na mwenye shamba kubwa la minazi upande wa Utange, alimuuliza mtoto swali moja tu: "Wewe mtoto wa nani?" Mtoto akitaja jina la baba na la babu, na majina yale yakijulikana, amepita. Sikuwa naona ubaya wake. Kwetu ndivyo watu wanavyojuana.

Sasa niwaeleze habari ya Mwanasiti.

Tulimwona kwanza kando ya njia, pale Mishomoroni mstari ulipopita. Alikuwa msichana wa kama miaka tisa, leso safi kichwani, amesimama wima kama aliyetumwa. Tukapita. Akatufuata kwa mbali mpaka kwenye lango la shule, akasimama nje akisikiliza watoto wakisoma, kisha akaenda zake. Kesho yake tena. Siku iliyofuata tena.

Bi Rukia akamngoja. "Mwanangu, wataka nini?"

"Shikamoo. Nataka kusoma."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Utange."

"Utange yote ile kwa miguu! Kwenu wanajua?"

"Baba ndiye ameniambia nije. Amesema nisimame nyinyi mtanichukua."

Bi Rukia alinitazama. Baba wa mtoto alikuwa ameona mstari ukipita na wasichana wakiingia, akadhani wote huokotwa njiani. Hakujua habari za mlango. Kwao Utange kulikuwa mbali mno na njia yetu. Hakuna mpokezi ambaye angeweza kufika huko na kurudi kabla ya kengele. Na mtoto asiyekuwa na mlango kwenye njia hakuwa na namna ya kupokewa. Hakuna aliyekuwa amekataa watoto wa mashamba. Hawakuwa na mlango tu, basi.

Kamati ilikuwa imekwisha kupokea wa mwaka ule, kwa hiyo mwalimu mkuu alimsikiliza mwenyewe akisoma, akasema huyu aingie darasa la tatu moja kwa moja, mradi aje na wenzake kwa utaratibu. Tulimuuliza alisomea wapi. Akasema alikaa kwa nyanyake Giriama, na huko shule ilikuwa ya misheni. Alilijua vizuri jedwali la kuzidisha. Alijua na nyimbo fulani ambazo Bi Rukia alimwomba kwa upole asiziimbe njiani.

Jioni nilimweleza mama. Alikuwa akikanda unga, hakuinua kichwa. "Mlango ndio unaotafutwa?"

"Ndiyo."

"Kwani huu wetu ni dirisha?"

Nikamwambia haiwezekani, mimi ndiye mpokezi, siwezi kupokea mtoto nyumbani kwangu mwenyewe. Akaniambia niende nikamuulize Bi Rukia, kama haya hazinizuii. Haya zilinizuia mpaka Isha. Nilipokwenda, Bi Rukia alifikiri kidogo, akatoa hukumu: mlango ni mlango, mama ni mama, na mpokezi akiwa kazini hana kwao. Ila utaratibu ufuatwe wote.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mwanasiti alitoka Utange alfajiri na baba yake, aliyemfikisha kwetu na kurudi kazini kwake. Mimi nilikunywa chai, nikala hamri moja, nikavaa buibui langu, nikatoka. Nikazunguka nyumba. Nikasimama mbele ya mlango niliotokea punde hivi, nikapaza sauti: "Hodi!"

"Karibu! Nani mwenzangu?" Mama yangu huyo, mdomo bado una makombo ya mahamri tuliyokula pamoja.

"Mpokezi wa shule."

"Ahlan, karibu. Hujambo? Watu wa kwenu hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi."

"Nasikia una mama hodari."

"Mama, tutachelewa."

"Amana yangu hiyo," akasema, amemshika Mwanasiti mkono, uso umekauka kama wa kadhi.

"Nimeipokea."

Majirani walizoea kutoka kuja kutazama. Sikumbuki asubuhi hata moja ambayo mama alifupisha salamu.

Ilikwenda vizuri kwa muhula mzima. Kisha Bi Zuhura, mke wa Bwana Omari, akajua. Binti yake, Saada, alikuwa jirani wa Mwanasiti kwenye mstari, na nyumbani alianza kuimba wimbo usiofahamika. Akaulizwa amefundishwa na nani. Akataja. Akaulizwa huyo ni mtoto wa nani. Akasema, "Babake mgema."

Niseme wazi kwa nyinyi vijana. Mgema ni mtu anayepanda mnazi, akakata ncha ya ua lake changa, akafungia kibuyu kukinga tembo, na tembo hulewesha. Mwislamu kufanya kazi hiyo lilikuwa jambo la aibu, na baba yake Mwanasiti, Mzee Hamisi, alikuwa Mgiriama aliyesilimu. Kwa hiyo mbele ya kamati mtoto alikuja na mambo mawili: kilevi nyumbani na misheni shuleni. Tukaitwa wote: mtoto, baba, mama yangu, Bi Rukia na mimi. Na maneno yalikuwa yamekwisha kuvuja kwamba Mwanasiti ataondolewa.

Kikao kilikuwa shuleni, darasani. Wanaume wa kamati walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Bwana Omari peke yake alikuwa na kiti. Hakuwa mtu mbaya. Alisali, alitoa zaka, na dukani kwake alikuwa akiongeza kipande juu ya kipimo.

"Huyu amepokewa kwa mlango wa nani?" akauliza.

Bi Rukia akanisukuma kwa kiwiko.

"Wetu," nikasema, kwa ile sauti ya katikati ya minazi. Mjumbe mmoja aliruka kidogo. "Mama yangu anamkabidhi, mimi nampokea. Utaratibu umefuatwa wote."

"Na nyinyi ni nani kwake?"

Mama akadakia, "Sisi ni wenye mlango, bwana. Hilo ndilo lililotakiwa."

Bwana Omari akamgeukia mtoto. Alizungumza naye kwa upole, siwezi kumsingizia. "Mwanangu, usiogope. Unasemekana ulisoma misheni. Walikubatiza?"

"Hapana. Walinifundisha kuzidisha."

"Na baba yako hufanya kazi gani?"

Mzee Hamisi alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Akafungua mdomo ajibu, lakini mtoto ndiye aliyeulizwa, na mtoto huyu alikuwa amefunzwa kwamba ukiulizwa na mkubwa unajibu kikamilifu.

"Anagema, bwana."

"Anagema wapi?"

"Katika minazi yako."

Nawaambia, nilisikia kunguru akitembea juu ya makuti. Wajumbe wa kamati walitazama madawati yao kama watoto waliosahau kazi ya nyumbani. Bwana Omari akamtazama Mzee Hamisi.

"Kweli?"

"Kweli, bwana. Upande wa kisima. Fungu lako namkabidhi nokoa kila Ijumaa."

Nokoa ndiye msimamizi wa shamba. Bwana Omari alikuwa akiletewa mapato ya shamba yote kwa jumla, nazi, mbata na hayo mengine, na hakuwa amewahi kuuliza hayo mengine ni nini. Wallahi, naamini hakujua. Naamini pia hakutaka kujua, na mambo haya mawili hukaa vizuri sana ndani ya mtu mmoja.

Akafuta uso kwa leso. "Mtoto abaki," akasema. Kikao kikaisha bila dua, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Tulirudi kwa furaha. Mama alikaanga mahamri mara ya pili siku ile. Furaha yetu ilidumu mpaka Jumamosi tu. Mzee Hamisi alikuja mlangoni na Mwanasiti, naye ameshika kibuyu kitupu na kisu chake cha kugemea.

"Bwana amepiga marufuku," akasema. "Shamba lote. Asionekane mgema hata mmoja. Nokoa ametuondoa jana."

"Na wewe utafanya nini?" mama akamuuliza.

"Sina la kufanya hapa. Tutarudi Giriama. Mtoto kapata shule, baba kakosa kazi. Nimekuja kuwashukuru."

Mwanasiti hakulia. Alikuwa amefungasha leso yake na sahani ya bati. Aliniuliza tu kama huko aendako atarudi tena darasa la kwanza.

Mama akaniangalia. Nilijua anachotaka kusema na sikutaka akiseme. Kwenda kuomba nyumba kubwa si kazi ya mtu wa haya. Lakini nilikumbuka kwamba mimi husimama kwenye mlango wa Bwana Omari kila asubuhi ya shule, na hakuna askari wala karani anayenizuia. Nikamwomba Mzee Hamisi asubiri mpaka Jumatatu.

Jumatatu nikapiga hodi. Bi Zuhura akamtoa Saada, akanyoosha mkono. "Amana yangu hiyo."

Sikuupokea. Nikasema, "Bi Zuhura, leo naomba neno kwanza."

Alishangaa. Mtoto amening'inia katikati yetu, mkono hewani. "Neno gani?"

"Baba yake Mwanasiti amefukuzwa shambani. Jumanne wanarudi Giriama. Kamati ilisema mtoto abaki, atabakije?"

"Mambo ya shamba mimi siyajui, binti."

"Bwana naye hakuyajua, bibi. Ndiyo sababu tulifika hapa."

Nilipomaliza kusema hivyo, miguu yangu ilitaka kwenda bila mimi. Bi Zuhura akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeudhika na aliyefurahi kwa pamoja.

"We! Nilidhani huyu msichana ni bubu."

"Alikuwa," Saada akasema. "Bi Rukia alimponya."

"Nyamaza, wewe mwimbaji." Akanigeukia. "Sikiza. Mume wangu akiona haya hufunga kila kitu. Kufungua hajui. Nilimlalamikia mimi kuhusu mgema, sasa sina mgema, sina usingizi, maana kila usiku ananiuliza kama nilijua. Watu hao wasiondoke. Niachie." Akanipa tena mkono wa Saada. "Amana yangu. Utaipokea au una hotuba nyingine?"

"Nimeipokea."

Alivyomwambia mumewe sikuelezwa. Kabla ya Ijumaa Mzee Hamisi alirudishwa shambani, safari hii kama mkwezi: kupanda minazi na kuangua nazi za kukaushwa ziwe mbata. Alikuja kutueleza mwenyewe, akakaa barazani, akanywa kahawa.

"Mbata hailipi kama tembo," akasema. "Lakini jana wale wale waliokuwa wakigeuza uso walinisalimia. Nilipanda na kibuyu, nikawa mgema. Leo nimepanda na panga, mimi ni mkwezi, mtu wa heshima. Mnazi ni ule ule, nikianguka nitavunjika vile vile." Akamwomba mama kahawa nyingine. Alikunywa, akaondoka akipiga mluzi. Mkewe alisema baadaye kwamba nyumbani ule upungufu waliuona kila siku kwenye sufuria, lakini hawakuondoka.

Mwanasiti akasoma. Mama yangu akaendelea kunihoji kila asubuhi kama mgeni, mpaka mtoto akamaliza.

Ulipofika mwaka wa uhuru, shule ilianza kuombwa nafasi na watu wa kila namna: makuli wa bandarini, watu wa bara, wapishi wa nyumba za Wazungu kule Nyali. Siku ya kupokea watoto wapya mimi na Bi Rukia tulikuwa mlangoni tukiwapanga. Wa kwanza alikuwa binti wa mpishi, amevaa gauni lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, na baba yake nyuma yake amejiandaa na majibu. Nilimwona midomo ikicheza. Bwana Omari alikuwa amezeeka. Alimkaribisha mtoto karibu.

"Haya, mwanangu. Wewe mtoto wa..."

Akamtazama mtoto, akamtazama yule baba, akaitazama mikono yake mwenyewe. Wajumbe wakangoja.

"Umesoma mpaka wapi?" akauliza.

Tangu siku ile hilo ndilo lililokuwa swali. Watu walisema Bwana Omari amepata hekima ya uzee. Bi Rukia, ambaye hakumpa mtu sifa asiyoifanyia kazi, aliinama akaninong'oneza, "Hana hekima yoyote. Aogopa kujibiwa."

Yule binti wa mpishi alikuwa ameanza kusoma ubaoni, kwa sauti, bila kusita. Nikamwambia Bi Rukia amwache aogope, na nikamwita mtoto wa pili.